Neno "mshauri" halikilindi kitabu cha mtoto

Mhariri,

Mwandishi wa kitabu cha watoto akiletewa mkataba wa kukigeuza kitabu chake kuwa tamthilia ya televisheni, aghalabu atakuta humo neno la kumtuliza moyo: yeye atakuwa "mshauri" wa kazi. Akiliona anasaini. Sisi tunaoandika miswada ya tamthilia tunaomba nafasi katika ukurasa wako tulifungue neno hilo, maana chini yake vimeharibika vitabu vizuri. Kisa tutakachokitumia ni cha Marekani, kina tarehe na majina, na mwenye kitabu alikieleza mwenyewe hadharani. Ni cha Ursula K. Le Guin, aliyefariki mwaka 2018, na visiwa vyake vya kubuni vya Earthsea.

Kitabu cha kwanza, A Wizard of Earthsea, kilitoka mwaka 1968, kikafuatwa na The Tombs of Atuan mwaka 1971. Mtu wa Pemba, Mafia au Lamu angejiona yuko nyumbani humo: visiwa vingi, mashua, wavuvi, mbuzi mlimani, na waganga wanaochukuliwa chomboni ili waite upepo uingie matangani. (Tunasema waganga kwa sababu kwetu mchawi ni mtu wa kukimbiwa, na mle sivyo.) Watu wengi wa visiwa vile ni weusi au wekundu wa udongo. Ged, mhusika mkuu, ni mwekundu wa udongo. Vetch, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ni mweusi. Weupe wenye nywele za manjano ni Wakargi, watu wa mashariki wanaokuja kuvamia. Le Guin aliipanga rangi hiyo makusudi, wakati mashujaa wa hadithi za aina hiyo walikuwa weupe karibu wote, na kwa miaka mingi alivutana na wachapishaji waliotaka kumchora Ged mweupe kwenye majalada.

Rangi hiyo ni nguzo ya kwanza ya kitabu, yaani jambo ambalo likiondolewa kitabu kinakuwa kingine. Nguzo ya pili ni majina, na hapa tutakaa kidogo. Katika Earthsea kila mtu ana jina la kuitwa na jina la kweli. La kuitwa linajulikana na kila mtu. La kweli huambiwa wachache mno wanaoaminika, kwa sababu anayelijua jina la kweli la kitu ana uwezo juu yake. Mvulana wa kitabu hiki alizaliwa akaitwa Duny, watoto wenzake wakamwita Sparrowhawk, yaani kipanga. Siku alipotimiza miaka 13 alivuka maji baridi ya chemchemi ya mto, na ng'amboni mganga Ogion akamshika mkono akamnong'oneza jina lake la kweli: Ged. Msomaji anayejua jando hahitaji kuelezwa kwa nini mtoto huingia na jina moja akatoka na lingine. Baadaye Ged, kwa majivuno, anakifungulia mlango kivuli kinachomwinda kutoka kisiwa hadi kisiwa. Hakishindi kwa upanga. Wanakutana mbali baharini, na yeye na kivuli wanatamka jina moja kwa wakati mmoja, nalo ni Ged. Kitabu kizima kimejengwa ili mtoto alielewe tendo hilo bila kuhubiriwa.

Sasa televisheni. Mwezi Desemba 2004 kituo cha Sci Fi Channel kilirusha tamthilia ya usiku mbili iliyovichanganya vitabu hivyo viwili. Mwongozaji alikuwa Robert Lieberman, mtayarishaji mkuu Robert Halmi mkubwa, na mswada ulibeba jina la Gavin Scott. Ged alichezwa na kijana mweupe, Shawn Ashmore. Kati ya wahusika wakubwa, mweusi aliyebaki ni Ogion, aliyechezwa na Danny Glover. Majina yakageuzwa: Ged likawa jina la kuitwa mbele ya kila mtu, na Sparrowhawk likawa la siri. Akaongezwa mfalme mbaya, Tygath, mwenye majeshi na tamaa ya kutawala visiwa. Tenar, ambaye kitabuni amechukuliwa kwao akiwa mtoto mdogo ili awe kuhani wa nguvu za giza zisizo na jina, akawa mwanamwali wa hekalu ambalo kazi yake ni kuzifungia nguvu hizo zisitoke. Na kati yake na Ged likatiwa penzi, jambo ambalo kitabuni halipo hata kidogo.

Kugeuzwa kwa majina tu kunatosha kuonyesha namna kazi inavyoharibika. Hoja inayotolewa kwa kawaida katika vikao vya namna hii ni kwamba mtazamaji asichanganywe: mhusika aitwe jina fupi tangu mwanzo, jina refu lenye maana liwekwe pembeni kama pambo. Ukilisoma ombi hilo kwenye karatasi ni mstari mmoja. Lakini fuata linakopita. Ikiwa kila mtu sokoni anamwita Ged, basi Ogion hana cha kumnong'oneza pale mtoni. Rafiki anapomfunulia mwenzake jina lake, zawadi kubwa kuliko zote katika kitabu, haonyeshi tena imani yoyote ya pekee. Na siku ya kukutana na kivuli, neno lililobeba hadithi yote limekwisha kutamkwa mara mia. Badiliko la mstari mmoja limeangusha maonyesho matatu makubwa, na aliyeliomba hakuona, kwa sababu alikuwa akisoma onyesho moja moja.

Na kwa sehemu kubwa wakuu wa vituo husoma hivyo. Hatusemi wana nia mbaya. Tunasema utaratibu wao unazaa matokeo haya hata mikononi mwa watu wema. Mswada hupita hatua tano: muhtasari wa kurasa 10 hadi 15, mpango wa maonyesho, rasimu ya kwanza, rasimu ya pili, kisha mswada wa kupigia picha. Kila hatua ina wasomaji wake: mtayarishaji, mkuu wa vipindi, mtu wa masoko, wakati mwingine na mdhamini. Kila msomaji anatakiwa atoe maoni, maana asiyetoa ataonekana hakusoma. Rasimu moja ikipita kwa watu sita na kila mmoja akaandika maoni kumi, mwandishi wa mswada anabaki na maoni 60, mengine yanagongana, na tarehe ya kupiga picha haisogei. Analolifanya ni kukubali yale yasiyoonekana makubwa, na humo ndimo nguzo zinamoondokea.

Kisha kuna matangazo ya biashara. Katika vituo vya Marekani vinavyoishi kwa matangazo, saa mbili za ratiba hubaki na dakika zipatazo 90 za tamthilia, nazo hukatwa vipande sita au saba. Ukurasa mmoja wa mswada huhesabiwa kama dakika moja. Kila kipande lazima kiishe kwa jambo litakalomfanya mtazamaji asibadili kituo. Kitabu ambacho adui wake ni kivuli cha shujaa mwenyewe hakitoi kwa urahisi vitisho 12 vya kuonekana kwa macho katika usiku mbili. Mfalme mwenye jeshi anavitoa. Hiyo ndiyo kazi ya mhusika kama Tygath, na gharama yake hulipwa kwa dakika: ukimpa mfalme dakika 25 kati ya 180, lazima zitoke mahali, na kwa kawaida hutoka kwenye masomo, safari na urafiki, yaani kule ambako mtoto anamwona shujaa akikua.

Umri nao hupandishwa kwa sababu hiyohiyo ya biashara. Kipimo kikuu cha watangazaji wa Marekani kwa miaka mingi kimekuwa watazamaji wa miaka 18 hadi 49, hivyo mvulana anaanza hadithi akiwa tayari kijana wa kuchumbia, na msichana hivyo hivyo. Wakishakuwa watu wazima, penzi linajileta lenyewe.

Le Guin alikuwa wapi yote haya yakifanyika? Alikuwa mshauri. Mwanzoni mazungumzo yalimtaja Philippa Boyens, mmoja wa walioandika miswada ya filamu za The Lord of the Rings, awe mwandishi wa mswada, na Le Guin aliliridhia hilo. Boyens hakuendelea, kazi ikaendelea bila yeye. Le Guin ameeleza kwamba mkataba ulimpa cheo cha kawaida cha mshauri, cheo ambacho maana yake huamuliwa na watayarishaji, na kwamba alipokuja kuuona mswada, utengenezaji ulikuwa umeshaanza. Hakushirikishwa katika kupanga wala katika kuamua.

Kuchelewa huko kunaua ushauri wenyewe. Wiki mbili kabla ya kupiga picha, waigizaji wameshasaini, mavazi yameshashonwa, maeneo yamelipiwa. Maoni ambayo katika hatua ya muhtasari yangegharimu kufuta aya mbili, sasa yanagharimu kumlipa mwigizaji ili asije. Hakuna mtayarishaji atakayekubali, hata akiona kwamba mwandishi ana haki. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kusaini ni mshauri ataitwa katika hatua gani, na kama akisema hapana, kazi inasimama au haisimami.

Kuna watakaojibu kwamba kitabu na televisheni ni vitu viwili, lazima vitofautiane. Tunakubali, riziki yetu yatoka humo. Mawazo ya kurasa tatu lazima yawe tendo moja, wahusika wawili wadogo huweza kuunganishwa kuwa mmoja, msimulizi huondoka. Le Guin mwenyewe alilikubali, na alikuwa amewahi kuona kazi hiyo ikifanyika vizuri. Mwaka 1980 televisheni ya umma ya Marekani ilirusha filamu iliyotokana na riwaya yake The Lathe of Heaven, chini ya David Loxton na Fred Barzyk. Si kitabu cha watoto, na fedha zilikuwa kidogo. Lakini alihusishwa katika kuchagua waigizaji, katika kuupanga mswada na kuupanga upya, na katika upigaji picha. Mambo mengi yalibadilika kutoka kitabuni, naye aliisifu kazi hiyo miaka yote. Mwandishi ni yuleyule na nchi ni ileile. Kilichotofautiana ni mahali alipokaa mezani.

Kwa wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaoandika kwa ajili ya watoto, tunapendekeza kazi ianze kabla ya mkataba, kwa ukurasa mmoja tu tunaouita ukurasa wa nguzo. Andika mambo matano, yasizidi saba, ambayo yakiondolewa kitabu kinakuwa kingine. Namna ya kuyapima ni hii: liondoe jambo moja kichwani, kisha hesabu maonyesho ya mbele yanayoanguka. Yakianguka matatu au zaidi, hiyo ni nguzo. Likianguka moja au lisianguke hata moja, hilo ni pambo, mwachie mwandishi wa mswada alitumie apendavyo. Wengi hukosea hapa kwa kuorodhesha mambo 30 wanayoyapenda, na mtayarishaji akiona orodha ndefu haisomi.

Chukua mfano ambao wasomaji wako wengi waliusoma shuleni, Adili na Nduguze wa Shaaban Robert. Kila usiku Adili anawapiga manyani wawili kwa amri aliyopewa, kisha anawalisha na kuwahurumia, kwa sababu ni ndugu zake waliomdhulumu. Tuna hakika kwamba ombi la kwanza kutoka kwa mkuu wa vipindi vya watoto lingekuwa kukiondoa kile kipigo. Hofu yake inaeleweka. Lakini lipime: bila kipigo hakuna siri ya kugunduliwa, Mfalme Rai hana sababu ya kumwita Adili ajieleze, na Adili asipojieleza hakuna hadithi, maana kisa chake chote kinatoka katika maelezo hayo. Kipigo ni nguzo. Namna ya kukionyesha ni jambo jingine: mlango uliofungwa, sauti, uso wa Adili akitoka, chakula mkononi. Mwandishi wa mswada aliyeshika ukurasa wa nguzo atalileta pendekezo hilo mwenyewe kikaoni, na mkuu wa vipindi atapata anachokihitaji.

Ukurasa huo uambatishwe kwenye mkataba na utajwe kwa jina ndani ya kifungu, la sivyo ni karatasi tu. Kifungu kiseme kwamba nguzo hazibadilishwi bila idhini ya maandishi ya mwandishi. Idhini na ushauri ni vitu tofauti kisheria: anayeshauri husikilizwa, anayeidhinisha husubiriwa. Ili mtayarishaji asiogope kucheleweshwa, jifungeni kwa siku: mwandishi apewe siku 14 kwa muhtasari na siku 10 kwa kila rasimu, akinyamaza ihesabiwe amekubali. Watayarishaji wengi hupinga idhini kwa sababu ya kuhofia kimya cha mwandishi kuliko ukali wake, na tarehe huwaondolea hofu hiyo.

Rangi, umri na lafudhi ya wahusika wakuu ziandikwe waziwazi, hasa pale mnunuzi anapokuwa kituo cha nje. Usidhani inajulikana. Le Guin alikuwa ameiandika rangi ya Ged kitabuni kwa maneno yasiyo na utata, kitabu kikasomwa kwa miaka 36, na bado. Na haki ziwe na muda wa kurudi: opsheni (yaani haki ya kukishikilia kitabu kwa muda kabla ya kukinunua) iwe ya miezi 12, iongezwe mara moja kwa malipo mapya, na kama picha hazijaanza kupigwa katika miaka mitatu haki zote zirudi kwa mwandishi. Hiki ndicho kifungu ambacho kingemsaidia mtu ambaye mwandishi wa mswada aliyemwamini ameondoka. Bora zaidi ni kumtaja mwandishi huyo kwa jina na kuandika kwamba akibadilishwa, mwandishi wa kitabu ashirikishwe kumchagua mwingine.

Sheria je? Mkataba wa kimataifa wa Berne, katika kifungu cha 6 bis, unampa mwandishi, hata akishauza haki za kiuchumi, haki ya kutambuliwa kuwa mwenye kazi na ya kupinga upotoshaji unaodhuru heshima au jina lake. Tanzania na Kenya ni wanachama, na haki hizo za kimaadili zimo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Marekani ilijiunga na Berne mwaka 1989, lakini sheria yake ya mwaka 1990 kuhusu haki hizo inawagusa wasanii wa kazi za kuonwa, kama wachoraji na wachongaji, na kuwaacha nje waandishi wa vitabu. Ndiyo maana mwandishi wa huku asikubali kirahisi mkataba wake uwekwe chini ya sheria ya nchi ya mnunuzi. Angalia kurasa za mwisho, mara nyingi kifungu cha kuchagua sheria kimo huko pamoja na sentensi fupi isemayo kwamba mwandishi "anaachilia haki zote za kimaadili". Sentensi hiyo ikatwe. Ila msitegemee mahakama peke yake: kesi huja baada ya tamthilia kurushwa, na watoto walioiona wameshaiona.

Limebaki la kusema hadharani. Le Guin alikusudia kukaa kimya. Aliona kwamba kwa kuwa hakushirikishwa, halikuwa jukumu lake kuisema tamthilia ile. Alichokishindwa kuvumilia ni pale mwongozaji alipolieleza jarida la kituo kwamba wamekuwa waaminifu kwa vitabu, na kwamba kuunganishwa kwa imani mbili mwishoni mwa filamu ndiko alikokusudia mwandishi. Akajibu kwa maandishi, na siku chache baada ya tamthilia kurushwa akaandika makala katika jarida la Slate, akaeleza suala la rangi na namna alivyowekwa kando. Kama kungekuwa na kifungu cha kumfunga mdomo, asingeweza. Mikataba mingi ya siku hizi ina kifungu cha usiri kinachoendelea hata baada ya kurushwa kwa kipindi, na mwandishi akishakisaini, mwingine anaweza kumsemea alichokusudia naye asiweze kumjibu. Tunashauri kiongezewe maneno haya, na mwanasheria ayapitie: "Tangu siku ya kurushwa kwa sehemu ya kwanza, mwandishi yuko huru kueleza hadharani ni mambo gani ya tamthilia hayakutoka katika kitabu chake, na hakuna upande utakaotoa kauli kuhusu makusudio yake bila ridhaa yake."

Waandishi wa miswada ya tamthilia,
Dar es Salaam